St Leger: mbio zilizozaliwa fupi, leo zinahukumiwa kwa urefu wake

Kila Septemba, wiki ya mbio za farasi za St Leger mjini Doncaster, Uingereza, inapokaribia, mjadala ni uleule. Wapo wanaosema mita 2,921 ni nyingi mno kwa farasi wa miaka mitatu. Wapo wanaotaka mlango ufunguliwe kwa farasi wa miaka minne na kuendelea, kama walivyofanya majirani. Wengine wamekata tamaa, na kwao St Leger ni kumbukumbu inayolindwa kwa heshima ya umri wake tu. Pande zote tatu zinaona dalili na kuukosa ugonjwa. Urefu haujawahi kuwa tatizo la St Leger. Tatizo liko sokoni, kwa watu wanaonunua na kuuza mbegu, na dawa isiyogusa soko hilo itaiua St Leger kabla ya kuiponya.

Turudi kwenye asili, maana hapo ndipo hoja ya urefu inapoanguka. Karne ya 18 farasi wa mbio wa Uingereza alikuwa mnyama mzima. Alianza kushindana akiwa na miaka minne, mitano, hata sita, na mashindano makubwa yalikuwa ya maili nne, tena kwa raundi: farasi wanakimbia, wanapumzishwa kidogo, wanarudi tena siku hiyohiyo mpaka apatikane aliyeshinda raundi za kutosha. Ndipo mwaka 1776, katika uwanja wa Cantley Common nje ya Doncaster, mwanajeshi na mwanasiasa Anthony St Leger akaandaa shindano la aina nyingine: farasi wa miaka mitatu tu, maili mbili tu, raundi moja tu, kila mwenye farasi akiweka gini 25 (fedha ya zamani ya Uingereza). Mshindi alikuwa mtamba wa Marquess wa Rockingham, aliyekuja kuitwa Allabaculia. Wakati ule mtamba huyo hakuwa hata na jina.

Kwa macho ya wafugaji wa zama zile, hayo yalikuwa mashindano mafupi ya watoto. Mtu wa Yorkshire, eneo ilipo Doncaster, aliyezoea kuona dume la miaka sita likimaliza maili nane au kumi na mbili kwa siku angeshangaa kusikia kwamba karne mbili baadaye mbio hizo zingelaumiwa kwa kuchosha. Mwaka 1778 zilihamia Town Moor, zilipo mpaka leo, na zikapewa jina la mwanzilishi wake. Rockingham, aliyekuwa waziri mkuu mara mbili, ndiye aliyependekeza jina hilo badala ya lake mwenyewe. Oaks ilifuata mwaka 1779, Derby mwaka 1780, 2000 Guineas mwaka 1809 na 1000 Guineas mwaka 1814. Zote nne zilifuata njia iliyofunguliwa Doncaster: farasi kijana, raundi moja, dau la pamoja. St Leger ndiyo mama wa mbio kuu tano za Uingereza, na aliyeanzisha haraka ndiye leo anayeitwa mzembe.

Urefu wenyewe ulishapunguzwa. Mwaka 1813 ziliondolewa zaidi ya mita 220, yakaja marekebisho madogo baadaye, na kwa vipimo vya sasa ni maili 1 na robo tatu na yadi 115. Farasi bora huzimaliza kwa dakika tatu. Logician mwaka 2019 alitumia dakika 3 na sehemu ndogo ya sekunde, yaani wastani wa kilomita 58 kwa saa kwa karibu kilomita tatu nzima. Anayeziita mbio za polepole ajaribu kuwazia kasi hiyo.

Ili kuelewa St Leger inampima farasi nini, lazima uutazame uwanja. Town Moor ni mzunguko wa kukata kushoto, mpana, wenye umbo la peasi, tambarare isipokuwa kilima kidogo kiitwacho Rose Hill. Mbio hizi huchukua karibu mzunguko mzima. Kona ya mwisho ikiisha, mbele kuna takriban mita 900 zilizonyooka mpaka mwisho. Mita hizo 900 ndizo mtihani. Epsom, kwenye Derby, mteremko na kona ya Tattenham vinaweza kumwokoa farasi mwepesi wa miguu mwenye mpanda mjanja. Doncaster hakuna pa kujificha. Farasi akitumia nguvu mapema kwa kupigana na hatamu, deni hilo atadaiwa akiwa amebakiza mita 400, na hapo kila mtu anaona: kichwa kinapanda, hatua zinafupika, mkia unaanza kuzunguka.

Kosa linaloharibu mbio hizi mara nyingi ni mwendo wa mwanzo kuwa wa taratibu mno. Wapanda farasi wote wanaogopa umbali, kila mmoja anamsubiri mwenzake, na kundi linakwenda kwa shoti ndogo kilomita mbili za kwanza. Hapo kipimo cha pumzi kinageuka kuwa mashindano ya kufyatuka mita 600 za mwisho, na farasi mwenye pumzi nyingi lakini asiye na kasi ya ghafla anapoteza faida yake. Ndiyo maana mazizi makubwa huingiza farasi wa pili kazi yake ikiwa kuvuta mwendo tu. Mkufunzi asiye na msaidizi huyo inabidi ampe mpanda wake amri ya kutoka mbele na kusukuma, jambo linalohitaji farasi mtulivu na mpanda mwenye saa kichwani.

Tarehe nayo haikuchaguliwa ovyo. Farasi wa thorobredi, yaani uzao maalumu wa farasi wa mbio, wote wa kaskazini mwa dunia huhesabiwa umri kuanzia Januari mosi, hata kama mmoja alizaliwa Februari na mwingine Mei. Kwenye Guineas, mwanzoni mwa Mei, tofauti hiyo bado ni kubwa: aliyechelewa kuzaliwa hajajaza kifua wala mgongo. Kufikia Septemba amejaza. Guineas inauliza kasi kwa mita 1,609, Derby inauliza mchanganyiko kwa takriban mita 2,420 mwezi Juni, na St Leger inauliza nani bado anakua. Farasi mmoja akijibu maswali yote matatu ndani ya miezi mitano anapata kile Waingereza wanachokiita Taji la mbio tatu. Wa kwanza alikuwa West Australian mwaka 1853, akifunzwa na John Scott wa Malton, mkufunzi aliyeshinda St Leger mara 16. Mpaka leo waliofanikiwa ni 15 tu, na wa mwisho ni Nijinsky mwaka 1970.

Kabla ya Nijinsky alikuwa Bahram, mwaka 1935, na hapa msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi anakutana na jina analolijua kwa sababu nyingine kabisa. Mwenye Bahram alikuwa Aga Khan III, Imamu wa Waismailia, yule ambaye Agosti 1946 alipimwa kwa almasi jijini Dar es Salaam katika kuadhimisha miaka 60 ya uimamu wake. Wengi wanapita mbele ya Ukumbi wa Diamond Jubilee pale Upanga bila kujua kwamba mtu huyo alikuwa mmoja wa wafugaji wakubwa kabisa wa farasi wa mbio Ulaya. Bahram alikimbia mara tisa akashinda zote tisa. Siku moja kabla ya St Leger mpanda wake, Freddie Fox, alianguka katika mbio nyingine akaumia, nafasi ikachukuliwa na Charlie Smirke, na farasi akashinda kwa urefu wa farasi watano. Mjukuu wa Aga Khan III, Aga Khan IV, aliyelelewa utotoni Nairobi, alimleta Doncaster mwaka 1981 Shergar, aliyekuwa ameshinda Derby kwa urefu wa farasi kumi. Shergar alimaliza wa nne, nyuma ya Cut Above. Hakuwahi kukimbia tena, na Februari 1983 alitekwa nyara Ireland, asionekane tena.

Sasa tuje kwenye mbio zilizobadilisha kila kitu: Nijinsky, 1970. Dume huyu alikuwa hajapoteza mbio hata moja. Agosti alipata choa, manyoya yakamtoka ubavuni, na kwa siku kadhaa hakuweza kuvishwa tandiko la kawaida. Mkufunzi wake, Vincent O'Brien, alikuwa na kila sababu ya kumpumzisha mpaka Oktoba. Mwenye farasi, Charles Engelhard, alilitaka Taji, na Nijinsky akaenda Doncaster, Lester Piggott akamwongoza bila kumpiga fimbo, wakashinda. Majuma matatu baadaye, kwenye Prix de l'Arc de Triomphe (kwa kifupi Arc) jijini Paris, akapigwa na Sassafras kwa kichwa tu. Tangu siku hiyo imani ikajengeka mazizini: St Leger ndiyo iliyommaliza.

Imani hiyo imekuwa na nguvu kuliko ushahidi wake. Nijinsky alikimbia baada ya ugonjwa, na hilo peke yake linatosha kueleza kupungukiwa kwake. Mfano wa kinyume upo, na hautajwi vya kutosha. Mwaka 1977 farasi aitwaye Alleged alikimbia St Leger akashika nafasi ya pili, nyuma ya Dunfermline, mtamba wa Malkia Elizabeth II, kwa mapambano makali ya mita 400 za mwisho. Majuma matatu baadaye Alleged huyohuyo akashinda Arc, na mwaka uliofuata akashinda tena. Kweli, hakuna farasi aliyewahi kushinda St Leger na Arc katika mwaka mmoja. Lakini farasi aliyepigwa baada ya kupigania kila hatua hakutumia nguvu pungufu kuliko aliyempiga. Kama mita zile zingekuwa sumu, Alleged asingefika Paris.

Hata hivyo wenye mali waliamua. Nashwan alishinda Guineas na Derby mwaka 1989, hakwenda Doncaster. Sea The Stars alifanya hivyohivyo mwaka 2009, naye hakwenda, akashinda Arc. Tangu Nijinsky, mshindi wa Derby aliyeongeza St Leger ni mmoja tu, Reference Point, mwaka 1987. Ilichukua miaka 42 mpaka apatikane aliyejaribu tena Taji lenyewe: Camelot, 2012, mkufunzi Aidan O'Brien, mpanda mwanawe Joseph. Mwendo haukuwa mkali, Camelot alisumbuka mwanzoni akitaka kwenda mbele, akajikuta amefungiwa nyuma wakati Encke wa Godolphin, zizi la Sheikh Mohammed wa Dubai, anafyatuka, na alipopata njia alipungukiwa robo tatu ya urefu wa farasi. Wakosoaji walisema umbali ulimshinda. Nionavyo, alishindwa na mbinu za mbio, si na umbali: alikuwa bado anasogea alipofika mwisho. Na ni vizuri isisahaulike kwamba mwaka uliofuata mkufunzi wa Encke, Mahmood Al Zarooni, alifungiwa miaka minane kwa kuwapa farasi wake dawa za kuongeza misuli, na Encke alikuwa miongoni mwa farasi waliobainika baadaye kuwa nazo. Matokeo ya 2012 hayakubadilishwa.

Turudi sokoni, kwenye kiini cha hoja. Farasi wa mbio wa daraja la juu hapati fedha zake nyingi uwanjani. Anazipata akistaafu, akiwa dume la mbegu, na kila jike analopandishwa linalipiwa. Mwenye jike halipi kwa mapenzi: anapiga hesabu ya mnada. Mimba ya farasi ni miezi 11. Kinda likizaliwa Februari, litapelekwa mnadani Newmarket Oktoba ya mwaka unaofuata, likiwa na miezi kama 20. Mnunuzi pale anataka farasi atakayekimbia na kushinda akiwa na miaka miwili, fedha irudi upesi. Akiona kwenye karatasi ya nasaba kwamba baba alishinda mita 2,921, anawaza: huyu atachelewa. Bei inashuka. Mwenye jike akiona bei imeshuka, mwaka unaofuata anampeleka jike kwa dume la mita 1,600. Hivyo ushindi wa Doncaster, ambao zamani ulipandisha thamani ya dume, leo unaweza kuishusha.

Matokeo yanaonekana wazi. Milan, mshindi wa 2001, Scorpion wa 2005, Leading Light wa 2013, Kingston Hill wa 2014, Capri wa 2017, Kew Gardens wa 2018 na Hurricane Lane wa 2021 wote waliishia kuwa madume ya kuzalisha farasi wa kuruka viunzi. Hiyo ni kazi yenye heshima yake, na Milan aliifanya kwa mafanikio makubwa, lakini ni soko la bei ya chini na la kusubiri: farasi wa viunzi huanza kushindana akiwa na miaka minne au mitano, kwa hiyo dume linaweza kukaa miaka saba tangu lianze kazi kabla watu hawajajua kama mbegu yake ni nzuri. Mwenye farasi wa mamilioni akiwaza hivyo, anampeleka Leopardstown, Ireland, mwishoni mwa juma hilohilo la St Leger, kwenye Irish Champion Stakes ya mita 2,000, ambako ushindi mmoja unapandisha ada yake ya mbegu.

Ndiyo maana nasema kufungua mlango kwa farasi wakubwa si dawa. Ufaransa waliifungua Prix Royal-Oak, ndugu wa St Leger, mwaka 1979. Ireland wakafuata na Irish St Leger mwaka 1983. Ujerumani nao wakafungua. Je, mbio hizo zilirudi kuwa za kutafutwa na washindi wa Derby? Hapana. Irish St Leger imekuwa mbio nzuri sana za farasi wazoefu. Vinnie Roe alishinda mara nne mfululizo, kuanzia 2001 hadi 2004, na watu wa Curragh, uwanja wa mbio hizo, walimpenda kwa haki. Lakini farasi akiweza kushinda mbio moja miaka minne mfululizo, ni wazi haziulizi tena swali la miaka mitatu. Taji la mbio tatu la Ireland lilikufa kimyakimya siku mlango ulipofunguliwa. Isitoshe, ukiwachanganya vijana na wazee lazima uwapunguzie vijana ratili kadhaa za uzito, na sehemu ya ushindi inaamuliwa na mizani.

Japani walifanya kinyume, na wanastahili kusomwa kwa makini. Kikuka Sho, St Leger yao, ni mita 3,000 pale Kyoto, mwezi Oktoba, farasi wa miaka mitatu pekee. Hawakupunguza wala kufungua. Deep Impact alilikamilisha Taji la Japani hapo mwaka 2005, Orfevre mwaka 2011, Contrail mwaka 2020. Hakuna aliyesema Deep Impact ameharibiwa thamani; alikwenda kuwa dume bora la mbegu la nchi yake kwa miaka mingi, na watoto wake wakashinda umbali wa kila aina. Tofauti haiko katika miguu ya farasi wa Kijapani. Iko katika zawadi nono za mbio ndefu, umati unaojaza viwanja kwa ajili ya mbio hizo, na wafugaji ambao wengi wanakimbiza farasi waliowazalisha wenyewe, hivyo hawatawaliwi na hofu ya mnada wa Oktoba.

Jambo hilo la mwisho linaeleza pia kwa nini wenye farasi wa Ghuba wamekuwa nguzo ya Doncaster. Sheikh Mohammed wa Dubai na Godolphin yake wameishinda St Leger mara nyingi, kuanzia Oh So Sharp mwaka 1985, mtamba aliyekamilisha Taji la majike (1000 Guineas, Oaks na St Leger), hadi Hurricane Lane. Logician alikuwa wa Khalid Abdullah wa Saudi Arabia, Simple Verse wa 2015 alikimbia kwa rangi za Qatar, Eldar Eldarov wa 2022 kwa Bahrain. Hawa wana mazizi yao ya mbegu na wanaweza kumsubiri farasi akomae. Mkulima mdogo wa Suffolk mwenye majike manne hana uwezo huo, na ndiye anayehitaji kusaidiwa.

Msaada huo uelekezwe kwake moja kwa moja. Kwanza, sehemu ya zawadi ya St Leger, na ya mbio zinazoitangulia kama Gordon Stakes ya Goodwood na Great Voltigeur ya York, ilipwe kwa aliyemzalisha farasi, si mwenye farasi peke yake. Mfugaji akijua kwamba kinda lililouzwa kwa bei ndogo litamrudishia fungu miaka miwili baadaye, hesabu yake ya Oktoba inabadilika. Pili, mbio za farasi wa miaka miwili za mita 1,600 na zaidi, zinazofanyika vuli, ziongezewe fedha kwa watoto wa madume yaliyoshinda mbio ndefu, ili mnunuzi wa mnadani asiogope kusubiri. Viwanja na mamlaka ya mbio ya Uingereza vinaweza kuyafanya yote mawili bila kugusa hata yadi moja ya Town Moor.

Kalenda ndiyo ngumu zaidi. St Leger na Irish Champion Stakes zinagombea mwisho wa juma mmoja, na Arc inasubiri majuma matatu mbele. Kuirudisha St Leger nyuma kwa wiki moja kungewapa farasi majuma manne kabla ya Paris na kuwatenganisha na Leopardstown, lakini Great Voltigeur ya Agosti ingebaki karibu mno, majuma mawili na siku chache, na mkufunzi mwangalifu asingekubali kukimbiza zote mbili. Kwa hiyo York nao wangelazimika kusogea, na mkutano wa York umeshikamana na tarehe zake kuliko hata Doncaster. Bado ningeanza hapo, kwa mazungumzo kati ya viwanja hivyo viwili vya Yorkshire, vilivyokwishasaidiana mwaka 2006 Doncaster ilipokuwa ikijengwa upya na St Leger ikakimbiwa York.